Nguzo za Katikati

Mimi ni mtu wa ndani. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilitaka kulificha. Wenzangu walikuwa wakitoroka shule kwenda kutazama malori yaliyopinduka barabara kuu; mimi nilikuwa natoroka shule kwenda nyumbani. Kwetu ni Ipogolo, chini kabisa ya mteremko, na mji wa Iringa uko juu yetu kama mpangaji wa ghorofani. Nimewahi kukaa miezi mitatu bila kupanda huko, na sikuona nilichokosa. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata nilichopata, nikarudi kukaa. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe ana faida moja: mwizi hajawahi kuingia kwetu, kwa sababu hajawahi kupata nafasi.

Kwa hiyo Jumapili moja mama aliporudi kanisani, akavua viatu, akakaa bila kuvua kitambaa cha kichwani, nilijua kuna jambo.

"Nimeongea na shangazi yako wa Igawa," akasema. "Anataka mtu wa kumsaidia pale barabarani. Nimemwambia upo."

"Nipo wapi?"

"Upo hapo ulipo. Ndiyo maana nimemwambia."

Shangazi anauza mchele wa Madibira na chakula kilichopikwa, pale Igawa yanaposimama mabasi ya Mbeya na ya Dar es Salaam. Kazi yenyewe ni kukimbia. Basi likipunguza mwendo, wauzaji wote wanaruka na mabeseni juu, kila mmoja anawania dirisha, na basi haliwasubiri wenye aibu. Mimi hata mtu akibisha hodi nyumbani huwa nanyamaza kwanza, nione kama ataondoka mwenyewe.

Lakini kukimbia ningejifunza. Kilichonikausha mate ni shangazi mwenyewe.

Babu yangu alizaa watoto saba. Mimi nimepewa jina lake, ndiyo maana baba wadogo na mashangazi wote wananiita baba, hata nilipokuwa navaa nepi. Babu alipofariki wakasema mwenye jina lake ndiye asome wasifu wa marehemu, tena ana mwandiko mzuri, tena yuko nyumbani muda wote. Nikaandika. Siku ya maziko nikasimama mbele ya jeneza, mbele ya kata nzima, nikaanza kusoma watoto wa marehemu. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, ambaye ni baba yangu mzazi, aliyetangulia nikiwa mdogo. Hapo sauti ikanikwama kidogo, nikafungua ukurasa wa pili haraka, kabla ya kumaliza wa kwanza, ili nisilie mbele za watu. Nikaendelea na wa tano.

Nilimruka wa nne. Haikuwa chuki. Wa kwanza kila mtu anamjua kwa sababu ni wa kwanza, na wa mwisho kwa sababu amedekezwa. Wa katikati ndio inabidi uwashike kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka na kina mama, uso ndani ya kitenge. Akauinua. Hakuwa analia. Aliniangalia mpaka mchungaji akasema tuombe, na watu wote walipofumba macho, yeye hakufumba. Kwetu sisi, kutosomwa kwenye msiba wa baba yako mzazi ni sawa na kutangaziwa hadharani kwamba uliokotwa.

Nikasema kesho nitamwomba radhi. Kesho yake kulikuwa na shughuli, keshokutwa akawa ameshapanda basi la Igawa. Hakugombana na mtu. Ila tangu siku ile, akipiga simu kwa mama, anasalimia nyumba nzima mmoja mmoja: mama, dada yangu, watoto wa dada yangu, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, anauliza hata kama ng'ombe ameshazaa. Kisha anakata. Mama huweka sauti ya nje, na mimi nakaa palepale nikisikiliza ng'ombe akisalimiwa.

Mimi nami nikapata ugonjwa. Tangu msiba ule siwezi kumruka mtu. Nikiingia chumba chenye watu thelathini, natoa mkono mara thelathini, na nikipoteza hesabu naanza upya. Binamu yangu alipofanyiwa sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, orodha ya wazee niliisoma nimeweka rula chini ya kila mstari, mpaka chakula kikapoa.

Sasa mtu huyo ndiye niliyekuwa natakiwa nikaishi kwake.

"Shangazi amekubali nije mimi?" nikamuuliza mama. "Amenitaja?"

"Hajakutaja. Amesema, mleteni huyo kijana."

Usiku nilitafuta kwenye simu kazi yoyote ambayo mtu anaifanya akiwa amekaa. Siku ya tatu nikaipata. Kulikuwa na ofisi Mbeya inayokusanya habari za masoko ya mazao, inatafuta watu wa kuandika taarifa fupi fupi kwa Kiingereza, wakiwa majumbani kwao. Majumbani kwao! Nilisoma maneno hayo mara nne. Kidato cha nne kinatosha, mradi ushinde mtihani wao wa kuandika: unapewa chati ya nguzo, zile nguzo ndefu na fupi zinazosimama bega kwa bega, unaielezea kwa Kiingereza kwa maneno yasiyopungua mia moja na hamsini, ndani ya dakika ishirini. Mtihani ungefanyika Mbeya katikati ya mwezi wa sita. Yaani ili niruhusiwe kukaa nyumbani maisha yangu yote, nilitakiwa kwanza nisafiri.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa. Mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Ukipata hiyo kazi ya kukaa, kaa. Usipopata, kesho yake unapanda basi la Igawa, na sitaki kusikia tumbo linauma."

Akampigia shangazi kumweleza. Shangazi akasema, "Mwambieni godoro nimeshanunua."

Nilikuwa na wiki nne.

Nyuma ya maegesho ya malori anakaa mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye miwani ya kamba, aliyenifundisha Kiingereza kidato cha pili. Siku hizi anafuga kuku wa mayai. Nilimkuta anaokota mayai bandani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kumbe bado upo? Nilidhani umehama mkoa."

"Niko hapo hapo mwalimu."

"Naona. Hata rangi yako ni ya ndani."

Nikamweleza shida yangu. Akasema nije kila Jumamosi asubuhi, nije na daftari, na nisije na maelezo ya kwa nini sikufanya zoezi.

Jumamosi ya kwanza alichora nguzo nne kwenye karatasi, watu wanaokunywa chai katika miji minne, akasema andika. Nikaandika kama tulivyofundishwa kuandika barua. Nilianza kwa kusema natumaini chati hii inakukuta katika afya njema. Mwalimu alisoma mstari huo, akaenda kuwapa kuku maji, akarudi, akausoma tena.

"Nani anaumwa hapa?"

"Hakuna mwalimu."

"Basi futa."

Mbele zaidi nilikuwa nimeandika kwamba mji wa tatu watu wamepunguza chai kwa sababu ya presha.

"Presha umeitoa wapi?"

"Si unajua watu wa mjini, mwalimu."

"Chati imekwambia wana presha?"

"Haijasema. Lakini inaonekana tu."

"Inaonekana nguzo fupi. Andika nguzo fupi. Ukitaka kupima presha kasomee uganga."

Hayo mawili yalinitoka kwa wiki moja. Jumamosi ya pili ndipo tulipofika kwenye ugonjwa wenyewe. Mwalimu alichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana chati kubwa: miji mitano, na kila mji una chai, kahawa na maziwa. Nguzo kumi na tano. Akaweka simu yake mezani ikihesabu dakika. Nikainama. Niliandika chai ya mji wa kwanza, kahawa ya mji wa kwanza, maziwa ya mji wa kwanza, nikaingia mji wa pili. Simu ikalia.

"Weka kalamu chini. Uko wapi?"

"Kahawa. Mji wa pili."

"Na hao wengine?"

"Walikuwa wanakuja, mwalimu."

Alivua miwani. "Kijana, wewe huelezi chati. Unaita majina, kama mwalimu wa zamu asubuhi. Nani amekwambia utaje zote?"

"Sasa nimwache nani?"

"Nani?" akasema. "Umesema nani?"

Nikaitazama kalenda.

Akanionyesha kwa kidole chenye vumbi la pumba. Anayesoma taarifa hana muda. Mwambie kwanza chati nzima imekaaje: kipi kimeshinda karibu kila mahali, kipi kiko chini karibu kila mahali, kipi kimefanya tofauti na wenzake. Ndefu kabisa itaje, fupi kabisa itaje. Zile za katikati zinazolingana, zifunge pamoja kwa sentensi moja. Akaniandikia sentensi ya kufungia: "The remaining three were more or less the same." Tatu zilizobaki zilikuwa karibu sawa. Basi. Zimekwisha. Songa mbele.

Nilirudi nyumbani nikajifungia na sentensi ile kama dawa chungu. Nikachora chati za kila kitu: mayai ya kuku wa mwalimu, ndoo za maji, mara ambazo dada yangu alikuja kututembelea na mara alizosema atakuja. Kila nikifika kwenye nguzo za katikati naandika vizuri kabisa, zilizobaki zilikuwa karibu sawa. Halafu mkono unarudi wenyewe na kuongeza sentensi kwa kila moja, isije ikajisikia vibaya. Dakika ishirini zinaisha mimi niko katikati ya nguzo za katikati.

Na kila Jumapili simu ya shangazi. Anasalimia, anauliza ng'ombe, halafu anaongeza kidogo, kama anayepita tu. Jumapili moja: "Chandarua nimepata." Nyingine: "Raba za kukimbilia anavaa namba ngapi huyo kijana?" Mama ananitazama. Namwonyesha kwa vidole. "Arobaini na mbili," anasema mama kwenye simu, na mimi nasikia jasho mgongoni, mwezi wa sita, Iringa, watu wamevaa masweta.

Jumamosi ya mwisho nilishindwa tena. Mwalimu hakunikemea, na hilo lilinitisha zaidi. Alikaa kwenye ndoo aliyoipindua.

"Hebu niambie. Hizi nguzo zina undugu na wewe?"

Ndipo nikamweleza habari ya msiba. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, kitenge, macho ambayo hayakufumba. Alisikiliza huku anafuta yai moja lile lile kwa kitambaa.

"Na ulishamwomba msamaha?"

"Bado."

"Miaka mingapi?"

"Miwili na kitu."

"Yaani muda wote huu ulikuwa unaomba msamaha kwa maziwa," akasema. "Shangazi yako ni mtu, kijana. Hii ni nguzo. Nguzo haina msiba." Akaliweka yai kwenye trei. "Nenda hivyo hivyo. Mungu naye anaelewa Kiingereza, atakusaidia panapobaki."

Basi la Mbeya lazima lipite Igawa. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nimepanga: nikae upande wa pili, mbali na wauzaji. Nikapewa siti ya dirishani, upande wa wauzaji. Tulipokaribia nikajikunja, nikavuta sweta juu ya uso, sweta la kijani alilonifuma mama, nikaanza kulala. Basi likapunguza mwendo. Nikasikia miguu inakimbia, mabeseni yanagonga bodi, na ndani ya kelele zote ile sauti iliyokuwa ikimsalimia ng'ombe wetu.

"Mchele wa Madibira! Mchele wa Madibira, mama, unanukia wenyewe!"

Chini ya dirisha langu kabisa. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akajinyoosha juu yangu, akafungua kioo, wakaanza kuongea, mimi katikati yao kama mzigo.

"Na huyu, anaumwa?" sauti ikauliza.

"Hapana, amelala tu."

"Mwache. Watu wa kulala nawajua."

Basi likaondoka. Sikujua kama ameniona au la. Niliendelea kulala mpaka Chimala, macho wazi ndani ya sweta.

Mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi, ghorofa ya juu ya jengo moja karibu na soko la Mwanjelwa. Mbeya ilikuwa na ile baridi yake ya kuingia kwenye vidole, na nilipoingia nikakuta watu wamejaa mpaka nyuma. Nikasimama mlangoni. Mkono wangu wa kulia ukaanza kupanda wenyewe, kwenda kwa mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimefika mstari wa pili wa viti msimamizi aliponiita.

"Wewe kaka, unagombea udiwani? Kaa."

Watu wakacheka. Nikakaa.

Karatasi zikagawiwa kichwa chini. Msimamizi akasema dakika ishirini, geuzeni. Nikageuza. Masoko sita, na kila soko mazao manne. Kabla ya kitu kingine chochote nilizihesabu, Mungu anisamehe, nilipoteza dakika nzima nikizihesabu. Ishirini na nne.

Nilijua la kufanya. Nililijua kama ninavyojua njia ya kwetu. Na nikaona kalamu inaandika mahindi ya soko la kwanza. Kisha mpunga wa soko la kwanza. Kisha maharage. Mwandiko mzuri kabisa, kila herufi imekaa. Nikaandika mstari wa viazi, nikainua kichwa kutazama saa ya ukutani, dakika saba zimekwisha, nami nimemaliza soko moja.

Jamaa wa mbele yangu alikuwa anafungua ukurasa wa pili. Ile sauti ya karatasi inayofunguliwa ikanipiga kifuani, nikamwona shangazi anainua uso kutoka kwenye kitenge. Nikaona pia godoro. Raba namba arobaini na mbili zimepangwa chini ya kitanda. Nikachukua rula, nikakata mistari yote niliyoandika, mmoja mmoja, kama mtu anayejikata mwenyewe, na kuanza upya katikati ya ukurasa.

"Overall," nikaandika. Kwa ujumla. Mahindi yameshinda karibu kila soko. Maharage yako chini karibu kila soko. Soko moja tu limekwenda kinyume, mpunga umeyapita mazao yote. Kalamu ikakimbia. Nikataja nguzo ndefu kabisa, nikataja fupi kabisa. Zikabaki dakika nne. Yakabaki masoko matatu, ya katikati, yanafanana, yamesimama yananingoja. Nikaandika "The remaining three", na mkono ukagoma.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Najua tu kwamba nilisema, kwa sauti niliyodhani ni ya moyoni, "Samahani shangazi."

"Nani anaongea?" msimamizi akasema. "Unaongea na nani?"

"Na... hakuna, dada."

"Basi mwambie huyo hakuna akusubiri nje."

Nikaandika yalikuwa karibu sawa. Nikaweka nukta. Nilikuwa natafuta la kuongeza msimamizi aliposema kalamu chini. Nikishuka ngazi nikayahesabu maneno kwa kumbukumbu, kwa vidole. Mara ya kwanza nikapata mia hamsini na mbili. Mara ya pili nikapata mia arobaini na sita. Sikuthubutu mara ya tatu. Matokeo yatakuja kwa ujumbe wa simu, walisema, kabla mwezi haujaisha.

Tikiti yangu ya kurudi ilikuwa ya Iringa. Basi liliposimama Igawa nikashuka.

Sikuwa nimepanga kushuka. Nilishuka tu na mfuko wangu, na basi likaondoka, nikabaki kwenye vumbi. Shangazi alikuwa ameinama kwenye jiko la mkaa anaupepea moto kwa kipepeo, chini ya kibanda chake cha mabati. Madereva watatu wa malori walikuwa mezani wanakula.

"Kamwene shangazi," nikasema, salamu ya kwetu. Halafu nikakumbuka, "Shikamoo."

Aligeuka polepole. "Marahaba baba. Leo umeamka?"

Kwa hiyo aliniona. "Umenijuaje?"

"Sweta. Mama yako alifuma mawili, jingine ninalo mimi."

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitengeneza ndani ya basi tangu Chimala, niiseme siku moja kwa simu, ina mwanzo na mwisho, tena ina sababu. Ikapotea yote. Nikasema, "Shangazi, siku ya babu. Wewe ni wa nne. Nilikuruka."

Madereva wakaacha kutafuna. Shangazi akaweka kipepeo chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Soma," akasema.

"Nisome nini?"

"Watoto wa babu yako. Soma. Hapa."

"Sina karatasi."

"Ndiyo vizuri."

Nikasimama kwenye kile kibanda, mbele ya watu watatu nisiowajua na sufuria ya wali, nikasoma watoto wa babu yangu bila karatasi. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, baba yangu, na sauti ikanikwama palepale ilipokwama siku ile. Shangazi alikuwa ananitazama usoni. Nikavuta pumzi. Wa nne nikamtaja jina lake la ubatizo, na la ukoo, na la nyumbani alilokuwa akiitwa na babu. Nikaendelea hadi wa saba.

"Tena," akasema shangazi.

Nikasoma tena. Mara hii nilipofika wa nne dereva mmoja akagonga meza kidogo kwa kiganja, kama watu wa kwaya.

Shangazi akageuka, akachota wali, akaweka maharage juu, akaisukuma sahani kwangu. "Kula. Halafu uje unisaidie, basi la Dar linakaribia."

Sitaki kuieleza sana ile saa moja. Nilivaa zile raba, zilinitosha kabisa. Basi lilipokuja nikakimbia kama wengine, beseni juu, nikafika dirisha la kwanza. "Habari za safari, mama?" Nzuri. Nikaenda la pili. "Shikamoo baba, habari za safari?" Nikaenda la tatu. Nikiwa dirisha la tano basi likawashwa, likaondoka na abiria wote wamesalimiwa, mimi na mchele wangu kamili kichwani.

Shangazi alikuwa ameshika nguzo ya kibanda. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anacheka mpaka machozi, anashindwa kusimama.

"Jamani! Baba yangu ameamkia basi zima!" Akajifuta macho. "Sikiliza. Unatazama mkono uliotoka nje ya dirisha. Huo ndio unaukimbilia. Wengine wapungie tu kwa pamoja, uende."

Nikasema nimeshaambiwa kitu kama hicho, na mwalimu wa kuku. Akaniangalia kana kwamba nimepigwa na jua, akanipa maji.

Siku ile nililala kwenye lile godoro. Ni zuri, sina la kusema. Nilikesha nalitazama dari la mabati, nikijaribu kujua kama maneno yale yalikuwa mia hamsini na mbili au mia arobaini na sita.

Ujumbe ulinikuta Ipogolo, siku mbili kabla mwezi haujaisha, mama akiwa ameshatoa begi langu uvunguni na kulipangusa. Niliusoma, nikampa mama asome, kisha nikamwomba arudie kwa sauti. Nimepita. Mama akalirudisha begi uvunguni. Halafu akasema, "Kwa hiyo utakuwepo tu," na sikuweza kujua kama ni furaha.

Nikampigia shangazi mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mimi kumpigia mtu bila kutumwa. Nikamwambia nimepata kazi, ya kukaa, sitakuja Igawa.

Upande wa pili nikasikia mabasi, na mafuta yanachemka.

"Yaani umeniruka tena," akasema.

Chati yangu ya kwanza ya kazi ilifika wiki iliyofuata: bei ya mchele katika masoko saba ya nyanda zetu za juu. Niliimaliza kabla ya muda. Nikajisikia mtu mzima, nikampigia shangazi nimsomee, naigeuza Kiswahili palepale. Nikamsomea ndefu kabisa, fupi kabisa, na lile soko lililopanda ghafla. Alikuwa anaitikia ee, ee, vizuri baba. Nikafika mwisho.

"Na Igawa?" akauliza. "Igawa umeisema wapi?"

"Imo, shangazi. Imo kwenye zilizobaki."

Nikasikia beseni linawekwa chini.

"Zilizobaki," akasema.

"Maana yake ni kwamba bei yake ilikuwa inalingana na..."

"Nimeelewa maana yake," akasema shangazi. "Godoro liko palepale. Mpe mama yako simu, nimuulize ng'ombe."